Safari ya Likasi Huanza Alhamisi

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi, lami yote, barabara ya taifa namba 1. Mwenye kinga (baiskeli, kwa Kiswahili cha huku) nzima na miguu iliyozoea huzimaliza kwa siku moja. Wanaoshindwa hawashindwi na kilomita. Wanashindwa na simu inayolia kwenye kilomita ya 40: tovuti ya mteja imezimika, nywila ziko kwenye kompyuta, kompyuta iko nyumbani Kampemba, umeme umekatika, na mtoto mwenye funguo yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Kinga inaegemezwa kwenye mti, simu inainuliwa juu kutafuta mtandao, na watu kumi na mmoja wanangoja juani.

Kazi ya tovuti, nyumba yenye watoto wa shule na safari za baiskeli za kuchangia jambo jema vinaweza kukaa pamoja bila kimoja kula kingine. Sharti ni kwamba kila kitu kinachokulazimu uwe mbele ya mashine kiwe kimeondolewa njiani kabla ya Ijumaa jioni. Maana yake kazi kubwa ya safari hufanyika Alhamisi, mezani.

Tuanze na umeme, kwa sababu Lubumbashi huwezi kupanga wiki bila kujua delestaji, yaani mgao wa umeme, ya mtaa wako. Andika kwenye daftari, wiki mbili mfululizo, umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaporudi na unapokatika. Utaona mwenendo wake, hata kama si kamili. Halafu piga hesabu ya betri. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina Wh (wati-saa) 1,200 kwenye karatasi. Usiitumie zaidi ya nusu, maana ukiizoea kuimaliza itakufa mapema, zinabaki 600. Inveta hula karibu asilimia 15, zinabaki 510. Kompyuta ya mapajani ya wati 45 na ruta ya wati 10 ni wati 55 kwa pamoja, kwa hiyo una saa tisa hivi za kazi. Zinatosha siku nzima.

Shida iko kwenye kuijaza. Chaja ya ampea 10 inahitaji zaidi ya saa sita kurudisha ulichotumia, na kama umeme unakuja kwa muda wa saa nne tu kila usiku, betri haijai kamwe. Betri ya risasi inayokaa imejaa nusu tu, wiki baada ya wiki, hufanya ukoko wa salfati kwenye sahani zake, na baada ya miezi michache saa tisa zimekuwa tatu. Watu hulaumu duka lililowauzia. Mara nyingi kosa ni la chaja ndogo. Paneli ya jua ya wati 200 huondoa tatizo hilo katika majira ya kiangazi, ilimradi uifute vumbi kila wiki. Vumbi jekundu la Julai hupunguza umeme bila wewe kuona. Na ruta usiifunge moja kwa moja kwenye betri kwa kuwa tu imeandikwa volti 12: betri ikiwa inachajiwa hupanda hadi volti 14.4, na ruta nyingi za bei nafuu hazivumilii. Weka kidhibiti cha volti katikati.

Sasa tovuti zenyewe. Kuanzia Alhamisi jioni usiguse kitu kwenye tovuti ya mteja yeyote: usisasishe WordPress, usibadilishe programu-jalizi, usihamishe seva. Kosa la sasisho halijitokezi papo hapo. Hujitokeza mtu wa kwanza anapojaza fomu ya oda, na mtu huyo kwa kawaida anakuja kesho yake. Ijumaa ni siku ya kungoja kosa lijionyeshe ukiwa bado mezani. Kama kuna tovuti ya kuhamishwa wiki hiyo, fanya Jumanne, na Jumatatu chukua rekodi za DNS, zile zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, na ushushe TTL yake, yaani muda ambao mitandao huikumbuka anwani ya zamani, kutoka sekunde 3,600 hadi 300, ili ukihitaji kurudi nyuma dunia ikufuate ndani ya dakika tano badala ya saa nzima.

Vitu viwili huzima tovuti bila mtu kugusa chochote. Cha kwanza ni cheti cha usalama. Vyeti vya Let's Encrypt, ambavyo wengi wetu tunavitumia kwa kuwa ni vya bure, huisha baada ya siku 90, na seva hujaribu kuvifanya upya zikibaki siku 30. Zamani ukisahau ulipata barua pepe ya onyo. Tangu Juni 2025 hawatumi tena. Kwa hiyo kagua mwenyewe. Ukiona zimebaki chini ya siku 20, usijiambie bado kuna muda. Jua kwamba jaribio la kufanya upya limeshashindikana mara kadhaa, na sababu mara nyingi huwa moja kati ya hizi: rekodi ya DNS inaelekeza seva ya zamani, au mlango wa 80 wa seva (port 80) umefungwa.

Cha pili ni jina la tovuti lenyewe. Hapa kuna mtego unaorudiwa kila mwaka. Kampuni inasajili jina lake, na kwenye fomu ya usajili inaandika barua pepe inayotumia jina hilohilo. Jina likikaribia kuisha, maonyo yanakwenda kwenye sanduku ambalo karani aliyeondoka ndiye aliyekuwa akilisoma. Jina likiisha, hata sanduku linakufa, na hapo hakuna onyo litakalofika. Andika barua pepe ya nje, mbili ikiwezekana, yako na ya mwenye kampuni. Majina ya .com kwa kawaida huwa na muda wa neema baada ya kuisha, hadi siku 45 kwa msajili, kisha siku 30 za kukomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 na jina linaachiwa yeyote. Usizichukulie siku hizo kama haki yako, na kwa jina la .cd usizihesabu kabisa: lipa mwezi mmoja kabla. Hakikisha pia kadi ya benki inayolipa haijaisha. Wasajili wengi wa nje hawapokei M-Pesa wala Airtel Money, kwa hiyo kadi ikikataliwa usiku wa Ijumaa, Jumamosi huna pa kuilipia.

Nakala za akiba kila mtu anasema anazo. Swali ni kama hifadhidata imo. Mara nyingi sana kinachohifadhiwa ni mafaili tu: picha zote zipo, sura ya tovuti ipo, lakini makala, bei na oda zilikuwa kwenye hifadhidata na hakuna aliyezichukua. Mara moja kwa mwezi rudisha nakala kwenye anwani ya majaribio, ingia, jaza fomu, fungua kurasa tatu.

Ukaguzi huu wa Alhamisi huchukua saa moja na nusu kwa tovuti kumi. Ongeza dakika kumi za kuchapa misimbo ya akiba, ile ya kuingilia akaunti bila simu. Google hutoa misimbo 10. Iweke mmoja au miwili kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi la kinga, na mingine kabatini. Msimbo wa SMS haukusaidii ukiwa mahali pasipo mtandao, au simu ikiwa imelowa jasho na kuzimika.

Mteja naye aambiwe mapema. Ujumbe mfupi unatosha, Alhamisi hiyohiyo: «Jambo, Papa. Jumamosi kutoka 6h00 mpaka 16h00 niko njiani kuelekea Likasi. Tovuti inaendelea kama kawaida. Kukiwa na jambo la haraka, mwandikie mwenzangu kwenye namba hii. Mengine nitajibu Jumapili jioni.» Saa ziandikwe kwa tarakimu za saa 24, kwa sababu mmoja huhesabu kwa Kiswahili na mwingine kwa Kifaransa. Na mteja wa Kinshasa akumbushwe kwamba ni saa za Lubumbashi: sisi tukiwa saa tatu asubuhi, kwao ni saa mbili. Huyo mwenzako awe mtu wa kweli aliyekwisha kufanya mambo haya kwa mikono yake: kuwasha upya seva, kurudisha nakala ya jana, kumjibu mteja kwa upole. Anaweza kuwa kijana wa jirani anayejifunza kazi. Mlipe siku hiyo hata kama simu haikulia.

Nyumbani, anayebeba mzigo wa safari ni yule anayebaki, na hilo lisemwe wazi mezani kabla ya kujiandikisha kwa safari yoyote. Nimeona ratiba nyingi nzuri zilizovunjika kwa kuwa zilipangwa kama vile chakula hujipika chenyewe. Hesabu saa za mazoezi kama unavyohesabu saa za mteja. Kwa kilomita 120 mtu anahitaji wiki nane hivi: safari mbili fupi katikati ya wiki, za saa moja, na moja ndefu Jumamosi. Hapa majira yanakubana. Safari hufanywa kiangazi, Mei hadi Septemba, lakini Juni na Julai jua la Lubumbashi huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi, wakati uleule watoto wanapotakiwa kuwa wamevaa sare. Asubuhi kuna giza na baridi kali, kisha kuna shule. Kwa hiyo mazoezi ya katikati ya wiki yawe saa kumi na nusu jioni, kabla jua halijazama saa 12, na badala ya siku hizo mbili, mwenzako wa nyumbani awe na jioni zake mbili ambazo wewe ndiye unayesonga bukari (ugali) na kukagua kazi za shule. Jumamosi ndefu ifanyike barabara ya Kipushi: kilomita 30 kwenda, 30 kurudi, na kabla ya saa nne na nusu uko nyumbani.

Fedha za nyumba, za kazi na za mchango zisikutane kwenye simu moja. Kwa kazi, chukua nusu kabla ya kuanza, bei iandikwe kwa dola na tarehe ya mwisho wa kutumika, na anayelipa kwa faranga alipe kwa kiwango cha siku ya malipo. Noti za dola zikague palepale. Yenye mpasuko mdogo hakuna atakayeipokea sokoni, na haitalipa ada ya shule pia.

Tuje kwenye kinga, maana hapa ndipo kundi hupoteza saa nyingi. Kundi la watu 12 kwa kawaida lina kinga nyeusi za gurudumu la 28 na za milimani za 26. Usiamini namba 28 pekee. Soma ubavuni mwa tairi namba ndogo zenye kistari: 40-635 ni ile ya kinga nyeusi ya mizigo, 37-622 ni ya kinga nyepesi za barabarani, na zote mbili sokoni huitwa ishirini na nane. Tofauti ya kipenyo ni milimita 13. Mpira wa ndani utavutika ukubali, lakini tairi ya moja haiwezi kukaa kwenye rimu ya nyingine. Ama haiingii, ama inaingia kwa ulegevu na kuruka ukishaijaza upepo. Ya milimani imeandikwa 50-559.

Valvu nazo ni mbili. Kinga za milimani nyingi zina valvu kama ya gari. Kinga nyeusi zina valvu ya zamani yenye kijimpira chembamba kinachovikwa juu ya kijiti cha chuma. Kijimpira hicho ndicho kinachozuia upepo kutoka. Kikikauka na kupasuka, gurudumu linalegea polepole, na watu hutoa mpira wa ndani, huuzamisha majini, hutafuta tundu ambalo halipo. Kabla ya kung'oa chochote, tia mate juu ya valvu. Ukiona povu, badilisha kijimpira. Ni kazi ya dakika mbili. Beba sentimita 10 za kijimpira hicho kwa kundi zima, na pampu za aina zote mbili, kwa kuwa moja haishiki valvu ya nyingine.

Tundu la kweli likiwepo, tafuta kilichotoboa kwanza. Kwenye barabara hii huwa ni waya mwembamba wa chuma kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Vipande vyake vimelala pembeni mwa lami, palepale anapopita mwenye kinga. Waya hauonekani kwa macho. Pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu, kitanasa. Ukiuacha, kiraka chako hakifiki kilomita ya pili. Kisha kwaruza mpira kwa msasa mpaka weusi ufifie, paka gundi nyembamba pana kuliko kiraka, na ungoje. Dakika tano. Ukigusa pembeni isikunate kidoleni, hapo bandika na ukandamize. Karibu kila kiraka kinachofunguka kilibandikwa gundi ikiwa bado mbichi, na fundi alikuwa na haraka kwa sababu wenzake wamesimama.

Mnyororo pima kwa rula: kutoka pini hadi pini, viungo 24, ni milimita 304.8 ukiwa mpya. Ukifika 307 au 308 ubadilishe wiki mbili kabla, pamoja na kukagua meno ya gia. Mikono ya pedali ya kinga nyeusi hushikwa na kabari ya chuma yenye nati. Kabari mpya hujikalia mahali pake baada ya kilomita 20 au 30 na kulegea kidogo. Isipokazwa tena hula tundu la mkono wa pedali, na hapo hakuna tiba njiani. Kwa hiyo kabari haibadilishwi Ijumaa, kwa sababu ileile inayokataza kusasisha tovuti Ijumaa. Kitu kipya kipewe nafasi ya kuonyesha kasoro yake karibu na nyumbani.

Siku yenyewe: barua kwa ofisi ya meya, nakala kwa polisi wa barabarani, na ile iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ibebwe na kiongozi wa kundi. Mwendo wa kundi mchanganyiko ni kilomita 17 kwa saa. Ukiondoka na mwanga wa kwanza na kupumzika saa moja na nusu kwa jumla, mnafika Likasi alasiri, jua likiwa bado juu. Kiangazi upepo huvuma sana kutoka kusini-mashariki, na Likasi iko kaskazini-magharibi, kwa hiyo unasukumwa mgongoni. Ndiyo sababu ya kwenda kwa kinga na kurudi kwa gari, na si kinyume.

Malori ya migodi hayapungui Jumamosi. Gawanyeni makundi ya watu sita, mstari mmoja, mita 200 kati ya kundi na kundi, ili lori lipate pa kurudi upande wake. Kubwa zaidi: ukisukumwa nje ya lami, usijaribu kurudi ukiwa mwendoni. Ukingo wa lami mahali pengi uko juu ya changarawe. Gurudumu la mbele likiukwaruza kwa pembe ndogo, linanaswa na wewe unaangukia upande wa malori. Punguza mwendo, simama, nyanyua kinga, rudi. Mwambie kila mtu jambo hili mara mbili, na mara ya tatu asubuhi ya safari.

Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Kwenye kila chupa ya pili tia sukari na chumvi kwa kipimo kinachojulikana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Ndizi, karanga, viazi vitamu vya kuchemsha. Sombe (mboga ya majani ya muhogo) iwe chakula cha jioni ya Ijumaa au mezani Likasi.

Na fedha za watu. Chagua kitu kimoja kinachohesabika. Tangu elimu ya msingi ya shule za serikali ifanywe bure mwaka 2019, madarasa yalijaa na madawati hayakutosha, kwa hiyo madawati ni lengo zuri: watu wanaweza kuyahesabu. Watu 12 kwa kilomita 120 ni kilomita 1,440. Anayeahidi faranga 100 kwa kila kilomita ya mwendeshaji mmoja atatoa faranga 12,000, na anayeahidi kwa kundi zima ajue kabla kwamba ni 144,000. Ahadi ya mdomo hupoa haraka. Omba nusu yake ilipwe siku ya kuandikishwa. Gharama za maji na gari zilipwe na waendeshaji wenyewe, ili kila faranga ya mchango iende kwenye mbao. Kundi lisilo na hati za shirika lisikusanye kwa jina lake. Sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia mashirika yasiyo ya faida, na njia salama ni kupitia shirika au parokia iliyokwisha kusajiliwa, huku watu wawili wakitia sahihi kila fedha inapotoka.

Ukurasa wa mchango uwe mmoja, mwepesi, chini ya KB 300. Picha ya simu ya MB 4 kwenye mtandao wa megabiti moja kwa sekunde inachukua sekunde 32 kufunguka, na mchangiaji ameshaondoka. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 na KB 150, itafunguka ndani ya sekunde moja na kidogo. Onyesha kilichoingia, makato ya mtandao wa simu, na kilichobaki, kila jioni. Namba za wachangiaji zionekane tarakimu tatu za mwisho tu.

Dawati la kwanza litengenezwe moja, lipelekwe darasani, watoto walikalie, kabla ya kuagiza mengine. Kiti cha mtoto wa darasa la kwanza kiwe karibu sentimita 30 kutoka chini, cha darasa la sita karibu 38. Mbao ziwe kavu, na miguu ishikwe kwa bolti. Msumari hulegea kabla ya mwaka wa shule kwisha, watoto wanavyoyumba.

Gari la kurudi Lubumbashi likodiwe mapema, na kinga zipakiwe kwa utaratibu: pedali moja ifunguliwe, usukani ugeuzwe, katoni kati ya kinga na kinga, kamba ipite kwenye fremu na isiguse njiti za magurudumu. Kinga za watu wanaoenda nazo kazini Jumatatu zipakiwe mwisho, zishuke kwanza.